Tonge la Kwanza Lilikuwa Lake

Ninyi vijana mnaokuja hapa nyumbani na simu zenu kupiga picha kazi zangu za zamani, swali lenu huwa ni moja. Mnauliza kwa nini ugali wangu hauko mzima. Kwa nini kwenye sahani nilizochora miaka ile ya tisini, kuanzia Kericho mjini hadi Chebunyo, kuna mahali pamemegwa, na hapo palipomegwa pana shimo la kidole gumba. Mmoja wenu, sitamtaja kwa sababu mama yake ni rafiki yangu, aliniambia kompyuta ingeweza kuurekebisha ukawa mzima. Nilimwongezea chai.

Leo nitawajibu. Kidole kile kilikuwa cha mume wangu, Baba Cherono. Alama yake ya mwisho ilikuwa kwenye ukuta wa hoteli ya Mama Njeri kule Boito, na ukuta huo niliupigania na mvua kwa miaka ili usianguke. Lakini mnanijua, siwezi kwenda kwenye jambo moja kwa moja. Ketini kwanza.

Mimi nilikuwa mchoraji wa vyakula. Siku hizo hoteli ikifunguliwa, hata kama ni kibanda cha mbao chenye mabenchi mawili, mwenyewe alitaka ukuta wa mbele, na mara nyingi ule wa ndani pia, uonyeshe kinachopikwa. Si kila mpita njia alijua kusoma, na hata aliyejua, tumbo lake halikwenda shule. Baba Cherono aliandika herufi, mimi nikachora chakula. Hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake. Herufi zangu zililala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na yeye akichora yai ungedhani ni kiazi.

Tulikutana kwa ajili ya ukuta. Nilikuwa msichana, nimeipaka nyumba ya mama yangu udongo mweupe na majivu, nikazungusha maua chini ya dirisha. Yeye alikuwa anapita na ndoo yake ya rangi kwenda kuandika duka. Akasimama njiani akauliza ni nani aliyefanya vile. Mama yangu, ambaye hakuwa na haya hata kidogo, alimjibu kwamba ni huyu hapa, na kama anatafuta mke ajue pia kwamba anakamua ng'ombe vizuri. Aliondoka akicheka. Mahindi yalipovunwa alirudi na wazee wao.

Kazi ya kwanza aliyonifundisha ilikuwa uzi. Kabla ya kuandika herufi lazima ukuta uwe na mistari iliyonyooka. Unachukua uzi, unaupaka chaki, mmoja anashika mwisho huu na mwingine mwisho ule, mnaukaza, halafu mmoja anauvuta kidogo na kuuachia. Ukipiga ukuta unaacha mstari mweupe safi. Ni kazi ya watu wawili. Asubuhi tulizoamka tumenuniana, tulipatana kwenye uzi, maana huwezi kukaza uzi na mtu usiyetaka kumtazama.

Makosa nimefanya mengi, na msidhani nayaonea aibu. Kosa la nyama lilinipata Kericho mjini, kwenye hoteli iliyokuwa karibu na soko. Mwenyewe alitaka karanga ya ng'ombe, ile nyama ya kukaanga na vitunguu. Mimi nikafikiri nyama ni nyekundu, nikaipaka nyekundu, tena nyekundu ya kung'aa. Siku ya kufungua, wateja wa kwanza waliingia wakiomba kilo moja isiyo na mifupa mingi. Mwenye hoteli alikuja kututafuta akiwa bado amefunga aproni. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nyama iliyoiva ni ya kahawia, karibu na udongo wa shamba uliolowa, na mng'ao wake uko kwenye mchuzi.

La Chebunyo lilikuwa baya zaidi. Kijana mmoja alikuwa amefanya kazi Kisumu akarudi nyumbani kufungua hoteli, na alitaka samaki ukutani. Chebunyo ni mahali pa ng'ombe na mbuzi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kupika samaki, kwa hiyo nilimchora kwa kuangalia kopo la duka, nikamrefusha ili ajaze nafasi. Mzee mmoja akaingia, akautazama ukuta, akachukua chai yake na kwenda kuketi akiupa mgongo. Wenzake wakafuata, hoteli nzima ikageuka upande mmoja. Mwishowe yule mzee akaniuliza kwa upole sana, "Mama, hiyo nyoka unapikia nani?" Nilimgeuza samaki akawa mbavu za mbuzi. Mkipita Chebunyo, na kama kile kibanda bado kipo, tazameni mbavu ya tatu vizuri. Ina jicho.

Sasa sikieni la kazi, kwa sababu hili hakuna mashine itakayowaambia. Chakula hakikai kukungoja. Ukiwekewa mezani, anza na kinachokufa haraka. Mvuke unaondoka kwanza, na mvuke haupakwi rangi, unaufuta kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo wakati rangi ya nyuma haijakauka. Halafu mboga. Sukuma wiki ikitoka jikoni ina kijani kinachocheka, ukichelewa inakuwa ya jeshi. Halafu chai, kabla haijafunika uso kwa utando wa maziwa. Chai ya huku kwetu msiipake kahawia tupu, itieni wekundu kidogo, kwa sababu majani yetu ni makali na mwenye kuyajua ataona. Ugali uache mwisho, una subira kuliko vingine vyote. Na usiupake mweupe. Mweupe ni wa shuka. Ugali una umanjano ndani, na pale ulipogusa sufuria una wekundu wa mkate. Wa wimbi ndio mgumu kuliko wote, ukiuchora mzima unakuwa jiwe.

Ni huo wa wimbi uliotuletea kidole. Tulikuwa Kapkatet, nachora kimnyet, ugali wetu wa wimbi, na kila nikimaliza naona jiwe la kusagia. Nilikuwa nimeshaufuta na kuurudia mpaka mchana umepita. Baba Cherono alikuwa amemaliza herufi zake kitambo na njaa ilikuwa inamuuma. Nilipogeuka kuosha brashi, nikasikia kimya cha mtu anayetafuna. Alikuwa amedidimiza gumba kwenye ugali, amemega tonge, amechota mboga, amekula. Kielelezo changu kimeharibika. Nilimsema sana siku hiyo, na akasikiliza kama mtu aliyeshiba anavyosikiliza.

Nilipomaliza akasema, "Basi chora hivyo hivyo. Sahani nzima ni ya nani? Hakuna mwenyewe. Hii iko na mtu."

Nikaichora kwa hasira, na ile hasira ikafanya kazi. Jiwe likawa chakula. Palipomegwa palionyesha chembe za ndani, laini, zenye giza la wimbi. Jioni watu walisimama kuuliza ni nani ameanza kula. Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu. Mwenye hoteli anapika, analeta, Baba Cherono ananawa mikono, anamega tonge la kwanza, mimi nachora alama aliyoiacha. Gumba lake lilikuwa pana, na lilikuwa na kovu katikati, kutoka kwa kisu cha kupogolea chai enzi za ujana wake. Kwa hiyo kila shimo lilikuwa na ukingo mwembamba katikati. Nilikuwa nautazama ule ukingo kila siku ya kazi bila kufikiri lolote. Mtu hafikirii anachokiona kila siku.

Sasa tufike Boito. Hoteli ya Mama Njeri ilikuwa karibu na kituo cha kupimia chai, na asubuhi wachumaji waliingia na aproni zao za plastiki zikidondosha maji sakafuni. Mama Njeri alikuwa mjane. Watu wake walitoka upande wa Nyeri, na yeye alikuja huku na mumewe wakiwa vijana, wakafanya biashara mpaka mumewe akafa, akaendelea peke yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na chapati nyingi.

Tulianza kwa kukosana. Alitaka meza moja yenye kila kitu: ugali, sukuma, kikombe cha chai, nusu ya parachichi, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na bilauri pembeni. Mursik nikaichora ilivyo, na kijivu chake cha mkaa wa mti. Mama Njeri akaniambia niipake nyeupe, wateja watadhani ni uchafu. Aliyelipia rangi ndiye mwenye ukuta, nikaipaka nyeupe. Wiki haikuisha akanitumia ujumbe nirudi. Nilimkuta kasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Rudisha uchafu," akasema. "Wanasema mimi nauza maziwa ya shule." Nilirudisha kijivu changu, na siku hiyo alionja mursik kwa mara ya kwanza, akafanya uso wa mtu aliyekanyaga maji baridi, akaomba tena. Tukawa marafiki.

Ile meza ilikuwa kazi nzuri kuliko zote tulizofanya. Ninasema wazi kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwonea haya. Mvua ilikuwa inanyesha nje, mwangaza ulikuwa mlaini, na Baba Cherono alimega tonge lake akiwa amesimama, akalitafuna akitazama nje kwenye mashamba ya chai. Alikula lile moja tu. Akasema atamaliza baadaye, tumbo halimkai vizuri. Nilidhani ni kwa sababu ya mandazi ya asubuhi.

Haikuwa mandazi. Alilazwa hospitali ya Longisa, na walimtunza vizuri, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatangulia. Alikuwa haruhusiwi chochote isipokuwa uji mwepesi. Mtu aliyekula mbele ya kila ukuta wa wilaya mbili, sasa anapewa uji kwa kijiko. Nilikuwa nakaa kando ya kitanda na binti yetu Cherono, tunamwambia habari za nyumbani, ng'ombe amezaa, jirani ameng'oa ua wetu tena. Siku moja akanishika mkono.

"Mama Cherono, ile ugali ya Boito usifute," akasema. "Nitakuja kumaliza."

Nikamwambia sitafuta. Tulimzika mvua ndefu zilipoanza.

Nilirudi kazini, kwa sababu karo haikungoja matanga yaishe. Upande wa pili wa uzi nikapigilia msumari. Msumari unashika vizuri, haupumui, hauulizi kama nimechoka. Herufi nilijifunza kwa shida, na kama mmeona mahali "HOTEL" yenye O kubwa kuliko wenzake, mjue ni ya mwaka ule. Lakini ugali niliuchora mzima. Watu wakilalamika kwamba chakula changu kimekuwa kama cha dukani, nilijibu kwamba ndio mtindo mpya. Sikuweza kumwambia mtu mwingine anawe mikono na kumega.

Kila nilipopata kazi upande wa Konoin nilipitia Boito. Niliagiza chai, nikaketi benchi lililoelekea ukuta. Kulikuwa na lile shimo, na ukingo wa kovu katikati, na chembe za ugali nilizozitia mwanga kwa ncha ya brashi ndogo. Nilimkosa mume wangu kwa namna ambayo sikujua mtu anaweza kumkosa mwingine. Makaburini sikuwa na la kusema naye. Pale nilimwambia kila kitu, kimoyomoyo, mpaka chai ipoe. Mama Njeri hakuwahi kunifukuza wala kunihesabia vikombe.

Lakini ninyi mnaijua mvua ya Boito. Mfereji wa bati ulitoboka, maji yakawa yanateremka ndani ya ukuta. Rangi ikaanza kuvimba kwenye parachichi, halafu kwenye kikombe. Nilikuja na msasa na rangi nikarekebisha. Msimu uliofuata ikavimba tena. Nilirekebisha kila kitu kwenye meza ile, sahani, kibuyu, sukuma, mara nyingi. Ugali tu, pale pa gumba, sikugusa. Niliogopa kwamba nikipaka juu, mkono wangu utakuwa umefuta wa kwake.

Ikafika siku ukuta wenyewe ukatoa tumbo. Mama Njeri aliniita jikoni, akanipa kigoda, nikajua ni habari mbaya. Akaniambia fundi amesema lazima ubomolewe. Mimi nikamwambia tuweke nguzo. Akasema nguzo zimewekwa tayari. Nikamwambia nitalipa bati jipya. Nilisema mambo mengi, mengine ya kijinga, hata nikamwambia kwamba yeye si wa huku ndiyo maana hajali. Neno hilo nililijutia kabla halijatoka lote. Hakukasirika. Alikuwa anakanda unga wa chapati, akaendelea kukanda.

"Hii ukuta ikiangukia mtu na chai yake mkononi, mimi na wewe tutasema nini?" akaniuliza. Halafu akasema, "Baba Cherono hayuko kwa plasta, mama. Mimi najua. Mimi nilitafuta wangu kwa koti yake miaka mingi."

Nilimsaidia kusukuma chapati.

Alinikubalia jambo moja, nijaribu kuikata ile sehemu ya ugali itoke nzima. Fundi alikuja na patasi, akazungusha taratibu sana, mimi nimeshika gunia chini yake. Ilitoka nzima kweli. Nikaishika mikononi, pana kama sinia ndogo, nikaona shimo, nikaona kovu. Halafu plasta ile, iliyokuwa imekunywa maji miaka yote, ikavunjika ndani ya gunia ikawa mchanga wenye rangi. Fundi alivua kofia. Nililia pale mbele za wachumaji chai, na hakuna aliyejifanya haoni. Mmoja alinivutia benchi.

Ukuta mpya ulijengwa kwa mawe. Nilingoja plasta ikauke barabara, maana rangi ya mafuta juu ya unyevu ni kazi bure, hilo muweke kichwani. Nilipofika, Mama Njeri alikuwa ameshapanga meza ileile: sukuma, chai, parachichi, kibuyu na bilauri ya mursik yenye kijivu chake. Ugali akauleta mwisho, unatoa mvuke.

Nilianza kama ninavyowafundisha. Nikafuta mvuke, nikapata mboga, nikapata chai. Nilipofika kwenye ugali, nikasema nitalichora lile shimo kwa kichwa. Nilikuwa nimelitazama miaka. Nikachora pana, halikuwa lake. Nikafuta. Nikaweka kovu, nikaliona limekaa upande usio wake, halafu sikuwa na hakika tena ni upande gani. Nikafuta tena. Nilisimama na kitambaa mkononi na nikagundua kwamba sikumbuki. Kidole nilichokula nacho sahani moja, sikumbuki kovu lake lilielekea wapi. Siku hiyo nilimzika mara ya pili.

Mama Njeri alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akaenda jikoni, akarudi na beseni na jagi la maji ya moto, taulo begani. Akasimama mbele yangu akiwa ameinamisha jagi kidogo, kama tunavyowafanyia wageni.

"Inapoa," akasema.

Nikaweka brashi chini. Akanimiminia maji, nikanawa rangi iliyokuwa kwenye vidole, nikajifuta. Nikanyoosha mkono, nikadidimiza gumba kwenye ugali, nikamega tonge, nikachota sukuma, nikala. Sukuma ilikuwa na chumvi kidogo mno. Halafu nikachora nilichokiona, kwa maana hiyo ndiyo kazi: shimo jembamba, lisilo na kovu, la mkono wa mwanamke.

Hilo ndilo mlilopiga picha Boito, mkadhani ni sawa na mengine. Ya Baba Cherono yako kwingine, pale ambapo kuta bado zimesimama. Nilipomaliza kuosha brashi nilivuta kigoda mezani. Ugali ulikuwa umeshapoa na sukuma imekuwa ya jeshi. Nilikula vyote mpaka sahani ikabaki nyeupe. Alikuwa ameahidi kumaliza, na sisi hatukuwa watu wa kuacha chakula.